Mukiwa na Mkiwa

Peter Godwin alichapisha mwaka 1996 kitabu cha Kiingereza alichokipa jina la Kishona: Mukiwa. Kwa Washona neno hilo maana yake ni Mzungu. Msomaji wa Kiswahili akiliona juu ya jalada hulisikia kwa namna yake: mkiwa, yaani mtu aliyebaki peke yake, asiye na wa kumliwaza. Sidai kwamba maneno haya mawili ni ndugu. Lakini kukutana kwao kumenipa swali ambalo nimekuwa nikiviuliza vitabu vya Wazungu wa Zimbabwe: katika historia ile, mkiwa hasa ni nani?

Sisi Watanzania tuliwajua watu hawa kwa mbali na kwa jumla. Ian Smith alipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, nchi yetu ilivunja uhusiano na Uingereza mwezi uliofuata, ikakubali hasara. Ilikuwa haki kufanya hivyo. Ila siasa haina wasaa wa kumtazama mpinzani akiwa mezani na watoto wake. Kazi hiyo imeachiwa fasihi, na ndiyo maana inatupasa kuvisoma vitabu hivi, tena kwa macho mawili.

Historia yenyewe ni fupi. Mwaka 1890 msafara wa kampuni ya Cecil Rhodes ulipandisha bendera mahali palipoitwa Salisbury, ndiyo Harare ya leo. Mwaka 1896 Wandebele na Washona waliinuka, na mwaka 1898 Nehanda akanyongwa. Mwaka 1930 ikatungwa sheria ya kugawa ardhi: karibu nusu ya nchi iliwekwa kwa Wazungu, ambao walikuwa kama 50,000 tu, huku Waafrika wakifikia milioni moja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kule mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe, akamlimishe shamba lililokuwa la mwenyeji.

Tena liko jambo moja linalosahaulika upesi. Wengi wa walowezi hao hawakuwa wazaliwa wa pale. Mwaka 1946 walizidi 80,000 kidogo. Ilipofika mwaka 1960 walikuwa wamepita 200,000. Ongezeko la namna hiyo haliletwi na wakunga, huletwa na meli na ndege. Na hata katika kilele chao, miaka ya 1970, hawakufika laki tatu. Jamii changa namna hii ina njaa ya mizizi, na njia rahisi ya kujipatia mizizi ni kuandika habari za utoto. Mtu hawezi kuambiwa kwamba alikozaliwa si kwao.

Doris Lessing hakuifuata njia hiyo rahisi. Alizaliwa Uajemi mwaka 1919, akapelekwa Rhodesia ya Kusini akiwa mtoto, na mwaka 1949 akahamia London akiwa na mswada mkononi. Riwaya yake, The Grass Is Singing, ilitoka mwaka 1950. Inaanza na habari ya gazetini: mke wa mkulima mmoja, Mary Turner, ameuawa na mtumishi wake wa nyumbani, Moses. Muuaji tunamjua tangu mwanzo. Tunachosomea kurasa zinazofuata ni namna nyumba ile ilivyooza kidogo kidogo: mume ambaye kila mradi wake hufa, joto chini ya paa la bati, na mwanamke anayewaogopa watu anaowaamuru. Kabla Moses hajaingia jikoni, Mary alikwisha kumchapa mjeledi usoni kule shambani.

Wako wanaolalamika kwamba Moses hatumjui, kwamba moyo wake umefungwa kwetu. Ni kweli, na ni upungufu. Lakini naona ni upungufu wenye adabu. Lessing hakujifanya kuyajua ambayo jamii yake ilikataa kuyajua. Jamii ile ilimpa Moses jina moja tu, na mwandishi ametuonyesha gharama ya kuishi chumba kwa chumba na mtu ambaye hujapata kumuuliza jina la baba yake. Mwaka 1956 serikali ilimpiga marufuku kuingia nchini. Nadhani watawala wale walikuwa wasomaji wazuri.

Godwin ni mwandishi wa tabia nyingine, mpole na mcheshi. Katika Mukiwa anasimulia utoto wake kwenye milima ya mashariki, mama yake akiwa daktari, kisha ujana wake katika polisi wakati wa vita, kisha kazi ya uandishi wa habari iliyomfikisha kwenye mauaji ya Matabeleland katika miaka ya 1980. Hajifichi, na hilo ni la kusifiwa. Udhaifu wake uko palepale penye utamu wake. Jicho la mtoto hukuta kila kitu kimekwisha kuwapo: nyumba, mpishi, seng'enge. Mtoto haulizi seng'enge ilifungwa lini na ni nani alihamishwa.

Katika kitabu kilichofuata, When a Crocodile Eats the Sun cha mwaka 2006, Godwin anatufunulia siri nzito. Baba yake, aliyedhaniwa kuwa Mwingereza, alikuwa Myahudi wa Poland aliyezaliwa kwa jina la Kazimierz Jerzy Goldfarb. Mama na dada wa mzee huyo waliuawa Treblinka. Ni sura za kuhuzunisha kweli. Ila mwana anapolinganisha hali ya Mzungu katika Afrika na ya Myahudi katika Ulaya, wote wakaazi kwa hisani ya wengine, hapo nasimama. Wayahudi wa Warsaw hawakuwahi kutungiwa sheria ya kuwapa nusu ya Poland. Uchungu wa baba ni wa kweli. Ulinganisho wa mwana umeacha hesabu nusu.

Nusu iliyobaki iko kwa Charles Mungoshi, katika Waiting for the Rain, riwaya iliyotoka mwaka 1975, Smith akiwa bado madarakani. Kijana anarudi kwao kwa basi. Dirishani yanapita mashamba makubwa yenye nyasi ndefu na udongo wa rutuba. Mara, bila onyo, linaanza vumbi tupu la eneo walilotengewa Waafrika. Mungoshi hahutubii. Anatuonyesha seng'enge ileile ya utoto wa Godwin kutoka upande wa pili, na kurasa chache zinatosha.

Kuanzia mwaka 2000 mashamba yale yalitwaliwa kwa nguvu. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta Wazungu wasiofika 30,000. Mwaka 2020 serikali ilikubali, kwa maandishi, kuwalipa waliokuwa wenye mashamba dola bilioni 3.5 kwa majengo na maendeleo waliyoyaacha. Lakini kwenye mashamba hayohayo waliishi vibarua weusi na familia zao, maelfu kwa maelfu, wengi wakiwa wajukuu wa watu waliotoka Malawi, Msumbiji na Zambia. Walipoteza kazi na paa siku moja na tajiri wao. Kisha sheria ya uraia ya mwaka 2001 ikawataka wengi wao waukane uraia wa nchi ambazo hawajapata kuziona.

Godwin ana kalamu, ana London na New York, ana wasomaji wa kumliwaza. Simwonei kijicho, vitabu vyake ni vyema na nitaendelea kuvisoma. Lakini neno la Kiswahili lililojibandika juu ya jalada lake namnyima. Nimemwekea mjukuu wa kibarua, na kitabu chake nakisubiri.