Kiwanja, Kibanja na Picha Jibizi: Tahakiki ya Istilahi za Tovuti za Nyumba na Viwanja

Makala haya yanakusudia kuyapima maneno yatumikayo katika tovuti za kuuzia nyumba na viwanja, hususan yale yanayoandamana na picha ambazo mtazamaji huweza kuzizungusha, kuzikuza na kuzifuata toka chumba hata chumba. Huenda ikadhaniwa kuwa jambo hili ni la wafanyabiashara wa mijini tu. Sivyo. Mtu aliyeko Dar es Salaam aweza leo kutafuta ardhi Ngara au Biharamulo bila ya kukanyaga huko. Jicho lake ni picha, na kiongozi wake ni neno lililoandikwa chini ya picha. Neno likipotoka, fedha nazo hupotea.

Tuanze na chombo chenyewe. Wafasiri wengine huziita picha hizo “ingiliani”. Istilahi hii haifai, maana mambo yanayoingiliana ni yale yanayovukiana mipaka, na katika habari za ardhi kuingiliana ni chanzo cha kesi. Wengine husema “shirikishi”. Neno hili ni zuri, ila limekwisha kupewa kazi: mbinu shirikishi ni ile inayompa mwananchi sauti katika uamuzi. Mtazamaji wa picha haamui chochote. Yeye hugusa, nayo picha humjibu. Kwa hiyo tunapendekeza “picha jibizi”. Ile iliyoungwa kwa picha nyingi ili kuonyesha pande zote za chumba yafaa iitwe “picha mzunguko”, kwani si kila picha jibizi ni ya mzunguko.

Kuhusu “ziara pepe”, tuna shaka. “Barua pepe” imekubalika, wala hatuna nia ya kuitoa. Lakini mkulima ajuaye kupepeta nafaka anafahamu pia kwamba pepe ni punje tupu isiyo na kiini. Kumwambia mnunuzi kwamba atatembezwa katika nyumba pepe ni kumtia wasiwasi pasipo sababu. “Matembezi ya picha” yatosha.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, limo katika jina la kile kinachopigwa picha. Katika Kiswahili sanifu kiwanja ni eneo la kujengea, ingawa twasema pia kiwanja cha mpira na kiwanja cha ndege. Katika Kihaya, kibanja ni shamba la migomba lenye makazi ndani yake, ambalo mara nyingi ni la ukoo. Ng'ambo ya Rusumo, katika Kinyarwanda, ikibanza ni eneo la kujengea. Maneno haya ni ya shina moja, lakini hayana maana moja. Mhariri anayekuta “kibanja” akakisahihisha kuwa “kiwanja”, akidhani ni kosa la tahajia, amefuta migomba, makaburi ya wazee na madai ya ukoo kwa herufi moja tu.

Madai hayo si ya kufikirika. Katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, lililoamuliwa na Mahakama Kuu mjini Mwanza mwaka 1990, mwanamke wa Kihaya alikuwa ameuza ardhi ya ukoo aliyoirithi, na uuzaji huo ukapingwa kwa hoja ya mila. Jaji Mwalusanya aliamua kuwa mwanamke anayo haki ya kuuza sawa na mwanamume. Picha, hata ingekuwa jibizi namna gani, isingeonyesha mgogoro huo. Neno “kibanja” lingalau lingemfanya mnunuzi aulize.

Aidha, maelezo ya “ardhi inauzwa, hati ipo” yana upungufu wa namna mbili. Kwanza, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Kinachohamishwa ni haki ya kuitumia. Pili, “hati” ipi? Haki itolewayo kwa muda usiozidi miaka 99, hakimiliki ya kimila na leseni ya makazi si kitu kimoja. Ardhi ya kijiji ina masharti yake, na halmashauri ya kijiji ina sauti katika uhamisho wake. Neno moja likibeba yote hayo, halijabeba lolote.

Lawama isiwaangukie wafasiri peke yao. Msanifu wa tovuti naye ana wajibu. Lenzi pana hukifanya chumba kidogo kionekane ukumbi. Hapana budi vipimo kwa mita viandikwe juu ya picha yenyewe. Vivyo hivyo, kila kituo cha kubofya kitaje aina ya ardhi, aina ya haki na mipaka, badala ya kurudia “mandhari ya kuvutia”.

Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zetu, hatuna tena udhuru wa kusema kwamba maneno sahihi yamo katika lugha nyingine. Tunawaomba walimu, wafasiri na maafisa ardhi wa wilaya watuletee majina ya ardhi yanayotumika kwao, pamoja na maana zake kamili, kabla hayajasahihishwa yakatoweka.