Nyumba Inapopambwa kwa Mnunuzi

Upo ushauri mmoja uliotoka ughaibuni, nao siku hizi hata madalali wetu wanaukariri: anayetaka kuuza nyumba sharti kwanza aiandae. Apake rangi, afyeke uwanja, apunguze vyombo ili vyumba vionekane vikubwa, afungue mapazia mwanga uingie, tena aondoe ukutani picha za jamaa, ili mnunuzi apate kujiona yeye mwenyewe akiishi humo. Huko Marekani jambo hili limekuwa kazi ya kuajiriwa. Wapo wanaokodisha makochi na meza za kupamba nyumba tupu, na wapo wanaoshauri mkate uokwe asubuhi ili mgeni apokewe na harufu yake. Nami nimeona ushauri huu unastahili kupimwa, kama tulivyokuwa tukipima somo la mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha: amefanya nini vizuri, amekosea wapi, na lengo lake lilikuwa nini hasa.

Uzuri wake upo, wala sitaki kuunyima haki. Usafi si udanganyifu. Nyumba za zamani za Lamu zilijengwa zikiwa na zidaka ukutani za kuwekea vyombo vizuri, na milango ya nakshi ya Unguja haikuchongwa ili itazamwe na mwenye nyumba peke yake. Kumwandalia mgeni ni mila yetu. Tena kuna faida ya fedha. Mnunuzi akikuta kitasa kimelegea, huanza kukisia mabaya mengine asiyoyaona, na bei anayotaja huipunguza kwa kadiri ya hofu yake, si kwa gharama ya kitasa. Kwa hiyo mwenye nyumba atengeneze kitasa, azibe bati linalovuja, afagie uani. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye rangi. Wakazi wa pwani wanajua ukuta uliojengwa kwa mchanga wenye chumvi. Unyevu hupanda kutoka chini, rangi hutoa malengelenge, plasta hugeuka unga. Ukipaka rangi mpya mwezi wa Januari, nyumba itakuwa kama bibi harusi mpaka masika ya Machi yafike. Mimi nikiona nyumba imepakwa rangi mpya kuanzia kiunoni kwenda chini tu, sihitaji fundi wa kunieleza. Tulikuwa na mambo hayohayo mashuleni siku za kuja wakaguzi: mawe ya njiani yalipakwa chokaa, na vitabu vikaazimwa shule ya jirani. Mkaguzi mzoefu hakutazama mawe. Aliomba daftari la mtoto anayeketi nyuma kabisa.

Lakini chumvi ni jambo dogo, maana mvua huifichua. Linalonisumbua zaidi ni lile la kuondoa picha.

Miaka michache iliyopita mpwa wangu aliniomba nifuatane naye kutazama nyumba katika mji mmoja wa mkoani. Tulilipa ada ya dalali ya kuonyeshwa, tukapelekwa. Nyumba ilikuwa imeandaliwa barabara: kuta zina rangi ya maziwa, sebuleni viti viwili na meza yenye kitambaa, sakafu inang'aa. Ukutani ilibaki misumari minne isiyoning'iniza kitu. Kijana wa makamo aliyejitambulisha kuwa mwenye nyumba alitutembeza chumba kwa chumba, akaeleza habari za maji na umeme kwa ufasaha. Tulipofika uani tukamkuta bibi mmoja ameketi juu ya mkeka, anachambua mchele kwenye ungo. Hakuna aliyetutambulisha kwake. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Ninyi ndio mafundi wa choo?"

Kijana akaingilia kati kwa haraka, lakini bibi aliendelea kwa furaha. Alituambia kwamba mwanawe amepata kazi nzuri na ameamua kumtengenezea nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Akatuuliza kama tumeipenda rangi. Picha, alisema, zimeshushwa ili zisichafuke, zitarudishwa mafundi wakimaliza.

Msomaji wangu, sijapata kuona rangi iliyotumika vibaya namna ile. Sisi wanunuzi haikutudanganya kwa lolote, maana ukuta ulikuwa mzima. Aliyedanganywa ni mama aliyekuwa ndani, aliyeyapokea maandalio yote kama wema wa mwanawe. Tuliaga, na mpwa wangu hakurudi tena kwa dalali yule.

Ushauri wa kuondoa picha huenda una maana mahali ambapo kila kiwanja kina hati, na hati inasema yote. Kwetu mambo ni tofauti. Hapa Tanzania mtu akifariki, mtoto hawi muuzaji kwa sababu tu ndiye anayeshika funguo. Lazima mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na msimamizi naye anawajibika kwa warithi wote. Hata mwenye nyumba akiwa hai, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi anaweza kufanya upekuzi katika ofisi ya ardhi, na afanye. Lakini nyumba nyingi za mijini zimesimama juu ya viwanja ambavyo havijapimwa, na huko ofisini hakuna la kupekua. Ushahidi unaobaki ni watu: majirani, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wazee wa ukoo, na ile picha ya mzee mwenye kofia iliyokuwa juu ya msumari. Picha ikiwepo, mgeni atauliza, "Huyu ni nani? Yu hai?" Ikiondolewa, swali nalo limeondolewa.

Ndiyo maana kuta zetu zimejifunza kusema zenyewe. Pita mitaa ya Dar es Salaam utasoma maandishi makubwa ya rangi: NYUMBA HII HAIUZWI. Mengine huongeza, OGOPA MATAPELI. Huandikwa na familia iliyochoka kuona wageni wakiletwa kutazama vyumba vyao, au na mwenye nyumba anayesafiri. Kwa maoni yangu, maneno hayo matatu ni uhakiki wa madalali unaoshinda huu wangu, tena hayana gharama ya kuchapisha. Ipo pia ile alama ya X nyekundu, ambayo watu wa Kimara hadi Kiluvya waliijua vizuri kabla ya nyumba kubomolewa mwaka 2017 kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Rangi ya maziwa inaweza kuifunika X asubuhi moja. Hifadhi ya barabara haifunikiki.

Nilimweleza mawazo haya dalali mmoja mtu mzima, naye alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, mteja hanunui watu, ananunua nyumba. Akimkuta bibi uani anakimbia." Halafu akanitajia familia ambazo zimekubaliana zote, zina mgonjwa wa kutibiwa au warithi wanane wa kugawana, na nyumba haiendi kwa sababu ina sura ya huzuni. Sikatai. Familia kama hizo zipo, na kuwacheleweshea fedha ni kuwaumiza. Lakini kama wamekubaliana, kwa nini wafichwe? Waketi sebuleni. Picha zibaki mahali pake. Barua ya uteuzi wa msimamizi iwekwe mezani pamoja na hati au barua ya toleo, na mama mwenyewe aulizwe mbele ya mnunuzi atahamia wapi.

Mpwa wangu alinunua mwaka uliofuata, nyumba yenye kuta zilizopauka na uwanja uliojaa kuku. Wakati mume akitusifia paa, mkewe alitoka jikoni na mwiko mkononi akatuonyesha kwa mwiko huo pembe ya dari inapovuja. Mume alimkodolea macho. Mke akasema kama hatutaki kuijua sasa tutaijua Aprili, kisha akataja bei yake, ambayo ilikuwa juu kidogo kuliko ya mumewe.