Anthiasi hashibi kwa milo miwili

Ukipiga mbizi kwenye miamba ya Mafia au Kisite wakati maji yanakwenda, utawaona juu ya matumbawe: samaki wadogo wa rangi ya chungwa, kundi zima, vichwa vyote vimeelekea mkondo unakotoka. Ni anthiasi, ambaye Wilhelm Peters alimweleza kitaalamu mwaka 1855 kutokana na samaki wa Msumbiji. Asiyewajua atadhani wanacheza, kumbe wanakula. Kila mmoja hungoja chembe ya planktoni iletwe na maji, huikazia macho, huidaka, kisha hurudi mahali pake. Kazi hiyo huifanya mchana kutwa.

Hapo ndipo tangi langu la kwanza liliposhindwa. Niliweka watano, nikawalisha asubuhi na jioni kama samaki wengine. Amonia ilikuwa sifuri, joto nyuzi 26. Wakaisha mmoja mmoja ndani ya wiki chache, nami nikahangaika kutafuta ugonjwa. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu: matumbo yalikuwa yameingia ndani, na mgongo nyuma ya kichwa umekonda. Walikufa njaa ndani ya maji safi.

Kulisha mara nyingi nako kuna gharama. Chakula kinachobaki huoza na kutoa amonia. Bakteria wanaoishi kwenye mawe huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, lakini huchukua kama wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha, na hata hapo wana kikomo chao. Kwa hiyo tangi la pili, la lita 500, nililipanga kuanzia swali moja: nitalishaje mara sita kwa siku bila kuchafua maji?

Nilianza na chakula chenyewe, yaani uduvi. Ule wa kugandishwa nauyeyusha kwenye kikombe cha maji ya tangi, namimina kwenye chujio la chai, na maji yanayotoka nayamwaga, kwa sababu yana fosfeti inayootesha mwani. Kisha natia kiasi cha ncha ya kijiko mbele ya mdomo wa pampu ili mkondo uusambaze. Ukiutupa wote kwa mkupuo, nusu hufika chini bila kuguswa, na anthiasi hapendi kuokota chakula mchangani. Mlo ukichukua zaidi ya dakika mbili kwisha, umezidisha.

Uchafu unaobaki hushughulikiwa na mtambo wa povu. Viputo vya hewa hupanda ndani ya bomba la maji, uchafu hung'ang'ania viputo, na povu la kahawia hukusanyika kwenye kikombe cha juu. Bahari hufanya vivyo hivyo ufukweni wakati wa kusi, mawimbi yanapoacha povu mchangani. Chini ya tangi nimeweka chombo chenye mwani na taa. Humo huzaliana kopepodi, viumbe wadogo wa maji, na pampu huwapandisha kidogo kidogo. Huo ndio mlo wa katikati ya milo.

Maji yanayopungua kwa joto hujazwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Chumvi haipai na mvuke, kama wavunaji chumvi wa Gongoni wanavyojua.

Kisha kuna suala la dume. Anthiasi wote huanza maisha wakiwa majike. Lev Fishelson alionyesha mwaka 1970 kwamba dume akiondolewa kundini, jike mmoja hugeuka dume. Basi sikununua dume. Baada ya kuwatenga wiki nne kukagua magonjwa, niliwaingiza majike wanane siku moja, pasiwe na mwenyeji wa kumwonea mgeni. Baada ya muda mkubwa wao akaanza kubadilika: chungwa likaelekea zambarau, na mwiba wa tatu wa pezi la mgongoni ukarefuka kama uzi. Katika tangi la ukubwa huu dume mmoja anatosha, wawili hupigana. Juu nimefunika kwa wavu, maana wakishtuka huruka nje.

Samaki hawa wengi wametolewa baharini wakiwa hai, wakiwemo wanaosafirishwa kutoka Kenya. Kama huna nafasi ya kuwalisha zaidi ya mara mbili kwa siku, wala huna kopepodi wa kujazia, tafadhali usiwanunue.