Kibuyu Kwanza

Anayetengeneza mursik, maziwa ya mgando, katika nchi ya Wakalenjin hushughulika zaidi na chombo kuliko maziwa yenyewe. Kibuyu, sotet, kimeoshwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani hadi kikauke kabisa. Kogo, bibi mwenye nyumba, anakigeuzageuza mkononi, anachungulia ndani, ananusa mdomo wake. Akisikia harufu ya maziwa yaliyooza, kazi inaanza upya.

Mekoni kijiti cha senetwet, kichaka chenye maua ya manjano, kimeshika moto. Ncha inapokuwa kaa jekundu anaitumbukiza kibuyuni. Kisha anachukua sosiot, fimbo ya mti wa jamii ya mitende ambayo ncha yake imepondwa ikawa nyuzi kama za brashi, na kulisaga lile kaa kwenye kuta za ndani. Anafuata tumbo la kibuyu, kisha shingo, ambako mkono wa mtu haupiti. Hawezi kuona anachofanya, kwa hiyo anasikiliza. Mkwaruzo wa mwanzoni ni mkali. Kaa likisagika, sauti inalainika. Ikishalainika pande zote anakiinamisha kibuyu na kukung'uta unga uliozidi. Unga uliobaki ndio utakaoyapa maziwa harufu ya moshi na ile rangi ya kijivu inayoelekea buluu.

Maziwa yameshachemshwa na sasa yanapoa. Hapa ndipo wenye pupa huharibu: yakimiminwa ya moto yatawaua bakteria waliojificha kwenye vitundu vya kibuyu, na hao ndio wachachushaji. Kogo anagusa sufuria kwa kiganja, anaiacha, anarudi baadaye kuigusa tena. Yanapopoa kabisa anayamimina taratibu, anafunga mfuniko na kukiweka kibuyu mahali pa baridi.

Siku kadhaa hakiguswi, na kujizuia huko nako ni ufundi. Ndani, bakteria wanakula laktosi, sukari ya maziwa, na kutoa asidi. Asidi inapofikia kiwango cha pH 4.6 hivi, kaseini, ambayo ni takribani asilimia 80 ya protini za maziwa ya ng'ombe, inashikana na kuganda. Ule mchemsho wa awali umeshasaidia, maana joto huzifanya protini nyingine zinate kwenye kaseini, na mgando ukawa mzito zaidi. Kukitikisa kibuyu mapema ni kuuvunja mgando kabla haujakomaa, maji yakajitenga.

Tumbo la mnywaji hupumzishwa na mgando huo. Maziwa mabichi hugandia tumboni, lakini haya yanafika yameshaganda. Laktosi imepungua, na hao bakteria husaidia kuvunja iliyobaki. Ndiyo maana wengi wanaovimbiwa na maziwa ya kawaida hunywa mursik bila shida. Mwenye mzio wa protini za maziwa ni habari nyingine. Protini zimebadilika umbo, hazikuondoka, na kinywaji hiki hakimfai.

Siku ya kunywa, iwe ni chakula cha nyumbani au mapokezi ya wanariadha Eldoret, kibuyu hutikiswa kwanza. Kogo anakishika shingo kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine, anakisukasuka bila nguvu nyingi, kisha anamimina kidogo kwenye kikombe na kutazama. Kuna mabonge. Anayarudisha kibuyuni, anafunga mfuniko, anaendelea kusukasuka.