Kizimkazi: Kufi Iliyochongwa Kwenye Tumbawe Bichi

Ukutani kwenye kibla cha msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, pana maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yanayosema kwamba Sheikh Abu Imran Musa bin Hasan bin Muhammad aliamuru ujenzi huo, mwezi wa Dhulkaada mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Ni Kufi ya mapambo: ncha za herufi zinachanua majani, na mashina mengine yamesukwa. Mtaalamu S. Flury aliyachambua mwaka 1922. Wengi huyahusisha na Siraf, bandari ya Waajemi kwenye Ghuba, na mtindo kweli unafanana na wa huko. Lakini jiwe ni la pwani ya Afrika Mashariki, na jiwe ndilo linaloonyesha kazi ilivyofanyika.

Pwani hiyo ina mawe ya tumbawe ya aina mbili. La nchi kavu ni gumu, lina matundu. Hilo ni la kujazia ukuta. La kuchonga lilitolewa baharini likiwa hai. Likiwa bichi linakatika vizuri kwa tezo na patasi, likikauka linashupaa. Basi mchongaji alikuwa akishindana na jua. Naamini mchoro wa herufi ulikuwa tayari kabla jiwe halijafika ufukweni, kila neno limeshapimwa litaanzia wapi na kuishia wapi, maana mstari mmoja unavuka jiwe hadi jiwe, na kosa dogo linahamia kwenye jiwe linalofuata.

Fundi wa tofali hapa Bujumbura anaijua haraka ya namna hiyo. Ila tofali bichi likiharibika hurudishwa kwenye tope. Tumbawe lililokatwa vibaya ni la kutupa.

Chokaa nayo ilitoka kwenye matumbawe hayohayo: yalirundikwa juu ya magogo, yakachomwa, kisha yakanyweshwa maji mpaka yakawa unga.

Kwa hiyo aliyechonga, awe mgeni wa Siraf au mwenyeji aliyefundwa mtindo huo, alilijua tumbawe la Unguja. Ustadi huo haupatikani safarini.

Karne ya 18 msikiti ulijengwa upya. Matumbawe yalikuwepo, na kibla kipya kingewezekana. Wajenzi wakayaacha maandishi ya zamani ukutani, wakaongeza yao pembeni kuutaja ujenzi wao.