Uso, Leso na Medali Tatu

Picha yenyewe haizidi daftari la shule: sentimita 24 kwa 18 hivi, rangi za mafuta juu ya ubao. Albert Charles Challen aliichora mwaka 1869, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Aliyechorwa ni Mary Seacole, mama wa miaka sitini na ushei, mzaliwa wa Kingston, Jamaika. Tiba za mitishamba alifundishwa na mama yake. Vita vya Krimea vilipopamba moto aliomba kwenda na wauguzi wa Uingereza, akakataliwa. Basi akafunga safari kwa fedha zake, na mwaka 1855 akafungua nyumba karibu na Balaklava, akawa anawalisha askari na kuwatibu.

Kwa mtu mwenye habari kama hizo, mchoraji mwingine angetafuta turubai la kujaza ukuta. Jerry Barrett alifanya hivyo mwaka 1857 alipomchora Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza wa vita hivyohivyo, akipokea majeruhi hospitalini kule Scutari: upana unapita mita 2, na watu wamejaa tele. Ni kazi ya kuheshimiwa, ila jicho huchoka kuzunguka. Challen hakuweka majeruhi, wala hema, wala chupa ya dawa. Ameweka uso, mabega, leso nyekundu shingoni, na medali tatu kifuani. (Wanahistoria wanazigombania medali hizo mpaka leo, kama alitunukiwa au alijivalia tu. Mimi simo.)

Kinachonishika ni ule uso. Mama amegeukia pembeni, hana haja ya kututazama, wala haombi huruma ya mtu. Ngozi yake ndiyo iliyompima fundi. Mchoraji aliyezoea kuchora Wazungu watupu ni rahisi achanganye kahawia na nyeusi, apake mara moja, na uso umfie mkononi. Hapa mwanga umetua kwenye paji na shavuni, vivuli vina rangi yake, na wekundu wa leso unaipasha ngozi joto. Katika enzi ambayo Mweusi kwenye picha za Ulaya mara nyingi alikuwa mtumishi wa kushika sinia nyuma ya bibi mwenye nyumba, kijana huyu alimpa ubao mzima.

Challen na Seacole walifariki mwaka mmoja, 1881. Ubao ukapotea, ukaishia kuwa kiegemeo cha picha nyingine ndani ya fremu, hadi mwanzoni mwa karne hii ulipoibuliwa, na mwanahistoria Helen Rappaport akaitambua sura. Mwaka 2005 ulitundikwa National Portrait Gallery, London, makumbusho yaleyale yanayomiliki turubai la Barrett. Ningeambiwa nichague moja ya kukaa nayo nusu saa, lile kubwa nisingelisogelea.