Askari Anaporudi Nyumbani: Tahakiki ya Riwaya Mbili za Vita vya Angani

Ukitaka kuwagombanisha wapenzi wa bunilizi za kisayansi, waulize swali moja tu: kati ya Starship Troopers ya Robert Heinlein (1959) na The Forever War ya Joe Haldeman (1974), ipi ni riwaya bora ya vita? Muhula uliopita tulikopeshana nakala za vitabu hivi watu watano wa darasa letu. Jioni tuliyokaa kuvijadili haikutosha. Huko Marekani vilikoandikwa, wasomaji wamebishana hivyohivyo kwa karibu miaka hamsini, na vyote viwili vilipata tuzo ya Hugo, kwa hiyo hata tuzo haiamui.

Mabishano, yao na yetu, huanza na mwandishi kabla ya kufika kwenye kitabu. Heinlein alihitimu chuo cha maofisa wa jeshi la majini mwaka 1929, akaachishwa kazi mwaka 1934 kwa sababu ya kifua kikuu, na hakuwahi kupigana. Haldeman alisomea fizikia na astronomia, akachukuliwa jeshini kwa lazima, akapelekwa Vietnam na kujeruhiwa huko mwaka 1968. Basi watu husema: mmoja alivuja damu, mwingine alikaa mezani, nani kati yao anaijua vita? Mwaka huohuo wa 1968 jarida la Galaxy lilichapisha matangazo mawili yaliyoelekeana. Katika moja walitia saini waandishi wa bunilizi za kisayansi waliounga mkono vita vya Vietnam, Heinlein akiwamo. Katika la pili walitia saini waliovipinga, Ursula Le Guin akiwa mmoja wao. Tangu hapo ni kama kila msomaji anadaiwa aseme yuko ukurasa gani.

Mimi siikubali njia hiyo ya kuhakiki. Sura za mafunzo katika Starship Troopers zimeandikwa na mtu asiyepigana, lakini sijaona katika kitabu cha Haldeman sura zinazozishinda. Kijana Rico anavyovunjwa na kuundwa upya na Sajini Zim, uchovu, aibu ya kuadhibiwa mbele ya wenzake, kisha ile fahari ya ajabu inayokuja baadaye, yote yanasadikika. Kitabu hiki kimewahi kuwekwa kwenye orodha ya vitabu wanavyoshauriwa kusoma wanamaji wa Marekani, nao si watu wa kudanganywa kuhusu maisha ya kambini.

Swali ninaloliona la haki ni hili: sayansi inafanya kazi gani ndani ya vita hivi? Ukiitoa, kinabaki nini?

Kwa Heinlein kinabaki karibu kila kitu. Askari wake huvaa vazi la chuma linalomwezesha kuruka juu ya majengo na kubeba silaha za nyuklia, na adui wake ni wadudu wakubwa wasioweza kuzungumza na mtu. Hiyo ndiyo kazi ya sayansi humo: kumwongezea askari nguvu na kumwondolea adui uso. Kilichobaki ni riwaya ya kambi pamoja na somo la uraia. Somo lenyewe linasema kwamba anayestahili kupiga kura ni yule tu aliyemaliza utumishi wa kujitolea kwa taifa. Mwaka 1980 Heinlein alijitetea kwamba wengi mno wa hao watumishi, kumi na tisa kati ya ishirini, hawakuwa wanajeshi, na kwamba kitabu chenyewe kinasema hivyo waziwazi. Tulikipekua kitabu kwa zamu na hatukuiona kauli hiyo. Hata hivyo kinachonikera zaidi ni darasa lenyewe: hakuna mwanafunzi hata mmoja anayemshinda mwalimu kwa hoja. Nadhani hata wahadhiri wetu hawataliamini darasa la namna hiyo.

Kwa Haldeman ukiitoa sayansi hadithi inaanguka. Fizikia inatuambia kwamba anayesafiri karibu na kasi ya mwanga, kwake muda hupita polepole kuliko kwa waliobaki. Haldeman ameichukua kanuni hiyo na kuifanya kuwa msiba. Mandella anakwenda kupigana na viumbe waitwao Wataurani. Katika shambulio la kwanza makamanda wanaamsha chuki waliyoipandikiza akilini mwa askari kwa njia ya usingizi wa kiini macho, na kundi zima linachinja viumbe ambao hata kujitetea hawajui. Mandella anarudi nyumbani akiwa ameongeza umri kidogo tu, lakini duniani imepita zaidi ya miaka 20. Baba amekufa. Mama ni mzee na ananyimwa tiba, kwa kuwa serikali imempanga daraja la mwisho kabisa la wanaostahili kutibiwa. Mandella na mpenzi wake Marygay wanajaribu kuishi uraiani, wanashindwa, wanarudi jeshini. Vita inadumu miaka 1143, na mwisho inagundulika kwamba ilitokana na kutoelewana.

Sura hiyo ya mama ina kisa chake. Ben Bova, mhariri wa jarida la Analog, alikubali kuichapa hadithi lakini akaikataa sehemu ya Mandella kurudi duniani, kwamba ina huzuni kupita kiasi. Haldeman akaandika nyingine badala yake, na ile ya kwanza haikurudishwa kitabuni hadi miaka ya 1990. Kwa hiyo wasomaji wa zamani wanaokisifu kitabu hiki, wengi wao walikisoma bila kiungo ninachokiona kuwa moyo wake. Huenda ndiyo sababu wengine wao wanakiita tu jibu kwa Heinlein.

Linganisha na nyumbani kwa Rico. Mama yake anauawa adui anapoiangamiza Buenos Aires. Baba yake, tajiri aliyepinga mwanawe asijiunge, naye anavaa sare, na katika sura ya mwisho yuko chini ya amri ya mtoto wake. Heinlein anataka tufurahi hapo. Wawili kati ya wenzangu walifurahi kweli, na mmoja alisema machozi yalimtoka. Mimi niliona nyumba ya mwisho ya kiraia katika riwaya ikifungwa mlango.

Labda nasoma hivyo kwa sababu ya nilikotoka. Sisi Waganda tunaosoma Kiswahili tunaijua lawama hii: kwamba ni lugha ya askari. Ilikuwa lugha ya kambi tangu enzi za King's African Rifles, na Amin alipoitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 aliizidishia sura hiyo. Nyanya yangu akinisikia nikisoma kwa sauti chumbani, bado huuliza ni nani aliyeingia. Kwake neno "afande" halina fahari yoyote. Mtu aliyekulia katika nyumba kama hiyo hawezi kukisoma kitabu cha Heinlein kwa starehe, ingawa namkiri kuwa fundi.

Haldeman naye nina ugomvi naye. Katika jeshi lake wanawake wanapigana sawa na wanaume, jambo lililokuwa geni kwa mwaka 1974, lakini kwa sheria na desturi ya jeshi hilo wanatakiwa pia kulala na wenzao wanaume, na mwandishi analipita hilo kwa sentensi chache kama kichekesho. Mandella, anayeona uovu wa kila amri nyingine, haioni hii. Marygay hakuulizwa. Mwenzetu wa kike ndiye aliyelisema hilo kwanza jioni ile, na sisi wanaume wanne, tuliokuwa tumekwisha kukitangaza kitabu kuwa mshindi, ilibidi tukifungue upya.